Gauni jeupe la 1910 lilikuwa na mtu wa kulifua

Mwezi uliopita niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya kitchen party, binti wa rafiki yangu anaolewa, na kama kawaida nikajua tutagombana kuhusu michango. Wapi. Tumegombana kuhusu temu. Bibi harusi katuma picha za wanawake wa Kiingereza wa miaka mia na kitu iliyopita, magauni meupe ya lesi yamefungwa mpaka chini ya kidevu, kofia pana kama ungo zimejaa maua na manyoya, glovu mpaka kwenye kiwiko, meza za chai kwenye majani chini ya miti. Inaitwa Edwadiani, akasema, yaani ya enzi za Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, na siku hizi ukifungua simu unakutana nayo, kuna mpaka programu zinazoichukua selfi yako na kuigeuza uonekane ulipigwa picha 1908. Nusu ya grupu wakamwaga makopa. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, akaandika mstari mmoja tu: "Yaani mwali wetu tumtoe na nguo za waliotutawala?" Hapo ndo grupu likawaka na mpaka leo halijapoa vizuri.

Nimefuatilia ule ugomvi mwanzo mpaka mwisho na mi naona pande zote mbili zimeikosea hiyo enzi, tena kosa lao ni moja. Wanaoipenda wanasema ulikuwa wakati wa utulivu, adabu na urembo, wanaoichukia wanasema ulikuwa wakati wa mabwana waliostarehe kwa raha zao, kwa hiyo wote wanakubaliana kwamba kulikuwa na starehe iliyotulia, wanachobishania ni kama tuipige picha au tuitemee mate. Kumbe utulivu wenyewe haukuwepo. Na kinachokuvutia kwenye zile picha, ule weupe, zile kola zilizosimama, ile meza iliyojipanga kama vile hakuna aliyeipanga, hicho sio ladha nzuri ya watu wa zamani, ni kazi ya mikono ya wasichana waliolipwa kidogo sana. Mikono ilipopata pengine pa kwenda, yale maisha yakakosa wa kuyabeba. Waingereza wa kawaida leo hawawezi kuishi vile hata wakitaka. Sisi wa kipato cha kati huku Dar na Nairobi bado tunaweza, na hapo ndo pananisumbua kuliko hiyo habari ya wakoloni.

Tuwekane sawa kwanza. Malkia Victoria alikufa tarehe 22 Januari 1901, mwanae Edward akakalia kiti akiwa na miaka 59, mtu mzima mwenye tumbo lake aliyeshazoea kula, kuvuta sigara, farasi wa mashindano na wake za watu. Alitawala mpaka 6 Mei 1910 akafa, miaka tisa na kidogo tu, ila watu wakisema enzi za Edward huwa wanaivuta mpaka 1914 vita ilipoanza, maana mstari wa kweli ulichorwa na vita, mfalme alishazikwa. Mavazi aliyapenda kweli, ile kofia ya Homburg aliifanya ivaliwe na wanaume wa Ulaya nzima, na inasimuliwa kwamba kile kifungo cha mwisho cha kizibao kuachwa wazi kilianza na tumbo lake, kwa hiyo kaka unayeacha kifungo cha chini cha suti siku ya harusi ukidhani umejifunza Instagram, mshukuru huyo mzee. Kuhusu adabu sina mengi. Kipenzi chake wa miaka ya mwisho, Alice Keppel, alikuwa mke wa mtu na mji mzima ulijua, na kitukuu cha huyo mama ndo Malkia Camilla wa leo. Anayenambia zamani watu walikuwa na heshima namwachia hapo hapo.

Kuna watu wetu wawili waliokwenda kuiona hiyo enzi kwa macho, na huwa nashangaa hawatajwi kwenye hii mijadala. Mwaka 1902 Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu wa ule ufalme, Apolo Kagwa, alialikwa kwenye sherehe ya kumtawaza Edward, akaenda na katibu wake Ham Mukasa. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani Desemba 1901 tu, yaani bado inanukia mpya. Sherehe ilipangwa 26 Juni, siku mbili kabla mfalme akapasuliwa tumbo kwa sababu ya kidole tumbo, mambo yakasogezwa mpaka 9 Agosti, wageni wa dunia nzima wakabaki wanatembezwa. Mukasa aliandika safari ile yote na maandishi yake yakatoka kwa Kiingereza 1904. Ukiyasoma hukutani na bustani tulivu na chai. Unakutana na mtu anayeshangaa mashine, meli, treni, wingi wa watu, majengo, kila siku kitu kipya, mpaka unahisi anakimbizwa. Mi naamini macho ya Mukasa kuliko macho ya Pinterest, kwa sababu yeye hakuwa na haja ya kuikumbuka, alikuwa anaiangalia.

Sasa tuje kwenye hoja. Wanaosema "ni fasheni tu jamani" siwadharau, wana hoja nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Angalia gomesi, lile gauni la wanawake wa Uganda. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1905 au karibu na hapo fundi Mgoa aitwaye Gomes alihusika kulishona kwa ajili ya wasichana wa shule ya wamisionari pale Gayaza, na hata kama vipande vya hicho kisa vinabishaniwa, yale mabega yaliyochongoka yanajieleza yenyewe ni mabega ya wakati gani. Je, leo kuna Mganda anayevaa gomesi kwenye kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, akadhani anamvalia King Edward? Thubutu. Limeshakuwa lao, limefungwa mshipi wao, limekuwa nguo ya heshima ya mama mkwe. Watu wa pwani tumefanya hivyohivyo na koti juu ya kanzu. Nguo ikivuka bahari haiji na hati miliki, anayeivaa ndo anaamua ni ya nini, kwa hiyo huwezi kumwambia binti wa watu kwamba lesi ikimgusa shingo tayari ameshauza nchi.

Na yule mwalimu mstaafu naye anajua anachosema, tena tarehe ziko upande wake. Miaka hiyohiyo ya chai bustanini ndiyo miaka ambayo Lord Delamere alipewa eka 100,000 kule Njoro, 1903. Mwaka 1904 Wamaasai wakasainishwa mkataba wa kuhama Bonde la Ufa, 1911 wakasainishwa mwingine wa kuhama tena walikohamishiwa. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akaitwa kwenye mazungumzo na ofisa wa Kiingereza akapigwa risasi hapohapo. Wakati yote hayo yanatokea mzungu wa Nairobi anakunywa barazani. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu ikulu ya Marekani, anashuka Mombasa na bunduki zake, yeye na mwanae wakaua wanyama wakubwa zaidi ya 500, na hilo neno letu safari ndo likaanza kuuzwa duniani kama jina la starehe ya matajiri. Hayo yote kweli tupu. Ninapoachana na mwalimu ni pale anapoongea kana kwamba waonewa wote walikuwa huku na huko Uingereza walikuwa wanakula keki. Sio kweli, na tukiliruka hilo tunaikosa pointi kubwa ya hiyo enzi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni hii ya utulivu, na nitaipiga bila huruma maana ndo iliyobeba temu nzima. Chukua kiangazi cha 1911 tu. Kile ndo kiangazi wanachokisimulia, jua wiki kwa wiki, mashua mtoni, wanawake na miavuli ya lesi. Jua lilikuwepo kweli, joto kali lisilo la kawaida kwa Uingereza. Agosti hiyohiyo makuli wa bandari na wafanyakazi wa reli wamegoma, meli za kivita zimetumwa mto Mersey, askari wanapiga risasi Liverpool wanaua watu wawili, siku chache baadaye Llanelli kule Wales wanaua wengine wawili. Na joto lilelile linalofanya picha iwe nzuri liliharibu maziwa na kuleta nzi kwenye mitaa ya maskini, watoto wachanga wakafa kwa kuhara. England na Wales mwaka 1910 walikufa watoto 105 kabla ya kutimiza mwaka kati ya kila 1,000 waliozaliwa, 1911 wakawa 130. Ukiiangalia picha ya mwavuli wa lesi ya mwaka ule, jua linalong'aa pale ndo hilohilo.

Na hiyo ni miezi michache tu. Wanawake waliodai kura walikuwa wanafungwa, wanagoma kula, na kuanzia 1909 wanalishwa kwa nguvu kwa mpira uliopitishwa puani au mdomoni, 1913 Emily Davison akajitosa mbele ya farasi wa mfalme kwenye mashindano Epsom akafa siku nne baadaye. Ireland inanukia vita ya wenyewe kwa wenyewe. Seebohm Rowntree, mtoto wa tajiri wa chokoleti, alihesabu mji wa York nyumba kwa nyumba akatoa majibu 1901, karibu asilimia 28 ya wakazi ni maskini. Serikali ikashtuka zaidi ilipoona vijana wengi waliojitokeza kwenda vita ya Makaburu kule Afrika Kusini wanakataliwa kwa sababu miili yao haifai, wafupi, wagonjwa, meno yameoza, mpaka ikaundwa kamati ya kuchunguza kudhoofika kwa miili ya raia, ikatoa ripoti 1904. Chakula cha shuleni kikaanza kwa sheria ya 1906, pensheni ya wazee Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki, na mpaka ufike miaka 70. Nchi tulivu haihangaiki hivyo.

Sasa kama utulivu haukuwepo, umetoka wapi? Umetoka baadaye. Vita ya 1914 iliua Waingereza zaidi ya laki saba, na wengi wa walioandika kumbukumbu baada ya hapo walikuwa watoto wa yale majumba makubwa, waliopoteza kaka, wachumba na darasa zima la shule. Ukifiwa hivyo kila kilichokuwa kabla ya msiba kinakuwa kizuri, ndivyo binadamu tulivyo, hata sisi tukirudi makaburini tunamsimulia marehemu kama vile hakuwahi kutudai. Kiangazi kimoja kikawa viangazi vyote. Ukiongeza ile picha ya Windsor ya Mei 1910, wafalme tisa wa Ulaya wamekuja kumzika Edward wamejipanga na medali zao, na miaka minne baadaye baadhi ya nchi zao ziko vitani, basi unaiona ile huzuni tamu ilivyoivishwa. Sisi wengine tuliichukua ikiwa imeshaiva, kwa ile filamu ya Titanic ya 1997, ambapo hata maskini wa daraja la tatu wanacheza ngoma kwa raha.

Ngoja nikae kidogo kwenye lile gauni, maana ndo ushahidi wangu. Gauni jeupe la pamba nyembamba lenye lesi, mikunjo midogomidogo kifuani na mapindo chini yanayoburuza majani. Aliyelivaa hakulifua. Kufua kulianza siku moja kabla, nguo zinachambuliwa na kulowekwa, Jumatatu asubuhi kabla hakujakucha kuna msichana anawasha moto chini ya sufuria kubwa la shaba lililojengewa ukutani, anachota maji ndoo kwa ndoo, anazichemsha, anazipiga kwenye pipa kwa mti wenye miguu kama kigoda, anazikamua kwenye mashine ya magogo mawili ya mbao kwa kuzungusha mkono. Halafu suuza, halafu suuza tena kwenye maji yenye buluu ya kufulia ili weupe usiende njano, halafu wanga, tena wanga sio mmoja, wa kola ni mzito kuliko wa gauni. Kupiga pasi ni pasi za chuma zinazopashwa jikoni mbilimbili, moja mkononi nyingine motoni, na kwa lesi na mikunjo kulikuwa na vyuma vyake maalumu vya kuvipindia. Lesi ikiungua kidogo, umekwisha. Mwenye bibi aliyekuwa dobi wa wazungu anaijua hii kazi, mikono inavyochunika na harufu ya wanga wa moto. Ule weupe ulikuwa tangazo, ulisema mimi nina watu. Mwenye watu wachache alivaa rangi ya giza akavumilia.

Kofia nayo ilikuwa na watu wake mbali zaidi. Manyoya ya mbuni yalitoka Oudtshoorn, Afrika Kusini, na biashara ilikuwa kubwa mno, kwenye mauzo ya nje ya nchi ile ilifuata dhahabu, almasi na sufu, halafu ikaanguka 1914, vita na mitindo mipya, na magari ya wazi ambayo huwezi kupanda umevaa ungo kichwani. Manyoya ya yangeyange yalitoka kwa ndege waliouawa wakati wa kuatamia maana hapo ndo manyoya yanapendeza. Piano iliyopigwa baada ya chakula ilikuwa na vitufe vya pembe za ndovu, na pembe nyingi za namna hiyo zilibebwa mabegani kutoka bara zikapita Unguja na Mombasa. Hayo napita haraka, wengi mnayajua.

Turudi kwa msichana wa sufuria. Kazi za ndani ndo ilikuwa ajira kubwa kuliko zote kwa wanawake wa Uingereza wakati ule, zaidi ya milioni moja, wengine wameanza na miaka 13 au 14. Yale majumba yenye watumishi ishirini tunayoyaona kwenye tamthilia yalikuwa machache, wengi walikuwa msichana mmoja kwenye nyumba ya karani au mwenye duka, anafanya yote kuanzia kuwasha moto mpaka kulea, analala darini au jikoni, kwa mshahara ambao kwa mwaka mzima ungeweza kuwa chini ya paundi 20. Mwaka 1911 bunge likapitisha bima ya taifa, mwajiri achangie peni 3 kwa wiki, msichana naye peni 3, stempu zibandikwe kwenye kadi ili akiugua apate matibabu na kitu cha kushika. Peni 3! Novemba ile mabibi wakajaza ukumbi wa Royal Albert Hall pale London kupinga, wakiapa hawatalamba stempu za Lloyd George, waziri wa fedha aliyeileta hiyo bima. Unaweza kucheka, lakini kabla hujacheka sana, dada wako nyumbani umemwandikisha NSSF?

Kwa maana wale mabibi hawakuwa mashetani, walikuwa sisi. Walikuwa na malalamiko yao ya kila siku, kwamba watumishi wazuri hawapatikani, wasichana siku hizi wanakimbilia viwandani, madukani na maofisini kupiga taipu, wanataka jioni yao. Vita ikawapa nafasi zaidi kwenye viwanda vya silaha, na ilipoisha wengi hawakutaka kurudi mpaka serikali ikawanyima posho ya kukosa kazi waliokataa kazi za ndani. Haikufa siku moja, miaka ya 1930 bado walikuwa zaidi ya milioni, vita ya pili ndo ikamaliza. Najua kuna atakayesema mashine za kufulia ndo ziliondoa watumishi, mi naona kinyume, mikono ilipokuwa ghali ndipo watu wakanunua mashine. Mwenye kulipa kidogo hanunui mashine, si unaona kwetu, nyumba ina runinga ya inchi 65 ukutani na nguo zinafuliwa kwenye beseni nje.

Ndo maana nasema Edwadiani kwetu sio maigizo. Mwingereza akivaa lile gauni anajifanya, maana Jumatatu ataliingiza mwenyewe kwenye mashine au atalipia dobi kwa bei ya kumuumiza. Sisi tukilivaa tunaliishi mpaka mwisho, pamoja na msichana wa miaka 16 kutoka mkoani anayelala chumba cha stoo, anayeitwa dada na kila mtu lakini hakuna anayejua jina la baba yake. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa heshima kwa wafanyakazi wa ndani Juni 2011, miaka mia kamili baada ya zile stempu, na ukiwasikiliza waajiri wetu wanavyoujadili mshahara wa chini na siku ya mapumziko unadhani uko Albert Hall. Kwa hiyo anayetaka kupinga temu kwa sababu ya ukoloni, sawa, ila aangalie na uani kwake, na anayeitetea kama fasheni tu ajue nusu ya hiyo fasheni ilikuwa hivi vitu visivyoonekana kwenye picha. Mi kwa upande wangu nilipiga kura ivaliwe, na nikapendekeza wanga na kufua viingie kwenye bajeti ya kamati, kwa bei ya dobi wa kulipwa. Pendekezo halikupata hata kopa moja.

Usiku uleule wa kura, katikati ya picha za kofia, mama mdogo wa bibi harusi akatupia ujumbe wa pembeni: "Jamani mwenye dada wa kazi mzuri anisaidie, wangu kaondoka jana kaenda Oman, hawa wasichana siku hizi hawatulii kabisa." Huo ulijibiwa na watu kumi na moja ndani ya dakika tano.